Ugomvi wa Washington, gharama vijijini: Televisheni za umma Marekani baada ya ruzuku kufutwa

JULAI 24, 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini sheria iliyofuta matumizi ya Serikali yapatayo dola bilioni 9, ambayo Bunge la nchi hiyo lilikwisha kuyaidhinisha. Huku Afrika Mashariki sheria hiyo ilizungumzwa zaidi kwa sababu ya misaada ya nje, na haikuwa ajabu. Karibu dola bilioni 8 kati ya hizo zilikuwa za misaada, na muswada wa awali ulikusudia pia kupunguza dola milioni 400 za mpango wa kupambana na Ukimwi, PEPFAR, unaotegemewa na wagonjwa wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda. Seneti ilikiondoa kipengele hicho cha mwisho, na ndiyo sababu jumla ilishuka kutoka dola bilioni 9.4 hadi 9.

Sehemu iliyobaki, dola bilioni 1.1, haikugusa sana hisia za watu upande huu wa dunia. Hizo zilikuwa fedha za miaka miwili za Shirika la Utangazaji wa Umma la Marekani, CPB, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1967 ili kupitisha ruzuku ya Serikali kwenda kwenye vituo vya redio na televisheni visivyo vya kibiashara. Vituo hivyo ni takriban 1,500 nchi nzima.

Msomaji aliyezoea kuifahamu televisheni ya Marekani kupitia CNN, Fox na filamu za Hollywood atauliza: nchi yenye utajiri wa namna hiyo inahitaji ruzuku ya Serikali ili mwananchi wake apate kutazama televisheni? Jibu linategemea mwananchi huyo anaishi wapi. Mkazi wa New York haihitaji. Mkazi wa mabonde ya mashariki mwa Kentucky anaihitaji kwa kiasi. Mkazi wa kijiji kilicho kwenye delta ya mito Yukon na Kuskokwim, magharibi mwa Alaska, bila ruzuku hiyo angekuwa hajapata kituo chake kabisa. Ugomvi ulikuwa wa Washington, lakini hati ya malipo imepelekwa huko.

Mlima haujui biashara

Kentucky ni jimbo lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 104,000 na watu wapatao milioni 4.5, waliogawanyika katika wilaya 120. Mashariki yake imekaliwa na milima ya Appalachia, nchi ya makaa ya mawe, yenye mabonde membamba ambamo nyumba hujipanga kando ya kijito kimoja. Mawimbi ya televisheni husafiri kwa mstari ulionyooka. Mlima ukisimama katikati, picha haipo. Si bahati nasibu kwamba milima ya Appalachia ni miongoni mwa sehemu ambako televisheni ya kebo ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1940, watu walipoweka antena moja kileleni na kuteremsha waya hadi majumbani.

Mfanyabiashara wa televisheni huuza watazamaji kwa watangazaji wa bidhaa. Penye watazamaji wengi na wenye fedha hujenga mnara, penye wachache hajengi. Hana kosa, maana hiyo ndiyo kazi yake. Lakini matokeo yake ni kwamba bonde lenye kaya mia mbili halitapata mnara wake hata kama jimbo zima litatajirika.

Aprili 24, 1964, Rais Lyndon Johnson alikwenda Inez, katika milima hiyo ya mashariki mwa Kentucky, akaketi kwenye baraza la nyumba ya mtu asiye na kazi ya kudumu, akazungumza naye juu ya kulisha watoto wanane. Picha za ziara hiyo zilizunguka dunia na zikawa alama ya vita vyake dhidi ya umaskini. Miaka mitatu na nusu baadaye, Novemba 7, 1967, Rais huyo huyo alitia saini Sheria ya Utangazaji wa Umma. Ikumbukwe kwamba familia ya Johnson ilitajirika kwa kituo cha kibiashara cha redio na televisheni mjini Austin, Texas, kilichomilikiwa na mkewe. Alijua vizuri soko linaweza kufanya nini, na bila shaka alijua pia lisichoweza.

Kentucky haikungoja sana. Septemba 23, 1968, Televisheni ya Elimu ya Kentucky, inayofahamika kwa kifupi KET, ilianza kurusha matangazo kutoka Lexington chini ya uongozi wa O. Leonard Press, mtu aliyetoka katika idara ya redio na filamu ya Chuo Kikuu cha Kentucky, ambaye alikuwa amehangaika kwa miaka kuwashawishi wanasiasa. Majimbo mengine yalianza na kituo kimoja penye chuo kikuu au mji mkuu, kisha yakaongeza polepole. Kentucky ilijenga mtandao wa mitambo iliyotawanywa jimbo zima, yote ikibeba matangazo yale yale, ili mtoto wa shule ya mlimani aone somo lile lile na kwa saa ile ile na mtoto wa Lexington. Masomo ya shuleni ndiyo yaliyokuwa kazi ya kwanza ya chombo hicho, na burudani ilifuata baadaye.

Kazi iliyoipa KET heshima nje ya jimbo lake ni ile ya mwaka 1975, ilipotengeneza mfululizo wa masomo ya kumwandaa mtu mzima aliyeacha shule kwa ajili ya mtihani wa GED, ambao cheti chake huhesabiwa sawa na cha kumaliza sekondari. Majimbo mengine yaliyachukua masomo hayo na kuyatumia. Thamani ya jambo hili haionekani haraka kwa mtu wa mjini. Mchimba makaa wa miaka 45 asiyejua hesabu za sehemu hakuwa tayari kuketi darasani mbele ya jirani yake. Akiwa sebuleni kwake, baada ya zamu, aliweza kujifunza bila aibu, na mwalimu hakumwona akikosea.

Mambo mengine yalikuwa ya kawaida zaidi, lakini yalidumu. Tangu mwaka 1974 KET imekuwa na kipindi cha kila wiki ambamo waandishi wa habari wa jimbo hukaa mezani na kuchambua siasa za huko. Kwa miaka 33, hadi 2007, kiliongozwa na Al Smith, mhariri aliyetokea kwenye magazeti ya miji midogo. Chombo hicho hurusha vikao vya Bunge la jimbo lililoko Frankfort, na kila Agosti hurusha moja kwa moja mkutano wa kisiasa wa Fancy Farm, kijiji cha magharibi mwa jimbo, ambako wagombea husimama jukwaani kwenye sherehe ya parokia na kuzomewa na wafuasi wa upande wa pili huku nyama ya kondoo ikichomwa pembeni. Hakuna kampuni ya New York itakayotuma kamera Fancy Farm kila mwaka, awe mgombea maarufu amekwenda au hakwenda.

Yapo pia mambo yasiyoonekana kwenye kioo. Minara ya televisheni za umma hubeba njia ya akiba ya ujumbe wa tahadhari unaotumwa kwenye simu za mkononi, ili mtandao wa kawaida ukikatika, onyo la mafuriko au kimbunga lipate njia nyingine. Kwa mashariki mwa Kentucky, ambako mafuriko ya Julai 2022 yaliua watu zaidi ya 40, hilo si jambo la kinadharia.

Hesabu zinazopotosha

Waliotetea kufutwa kwa ruzuku walisema kwamba televisheni za umma hazitakufa, kwa kuwa fedha za Serikali ni sehemu ndogo ya mapato yake. Kwa wastani, wanasema kweli. Kabla ya ruzuku kufutwa, mtandao wa televisheni za umma, PBS, pamoja na vituo wanachama wake, ulikuwa ukipata takriban asilimia 15 ya mapato kutoka Serikali Kuu. Mtandao wa redio, NPR, ulikuwa ukipata moja kwa moja kama asilimia moja tu.

Tatizo la wastani ni kwamba hauishi mahali popote. Kituo cha Boston kina maelfu ya wachangiaji wenye uwezo, wakfu mbalimbali, na vipindi vinavyouzwa nchi nzima. Kituo cha vijijini kina wachangiaji wachache kwa sababu kina watu wachache, na wengi wao ni watu wa kipato cha chini, ilhali gharama zake kwa kila mtazamaji ni kubwa zaidi. Mnara wa mjini mmoja huhudumia mamilioni. Kijijini inahitajika minara kadhaa kuhudumia maelfu, na kila mmoja unataka umeme, barabara ya kuufikia wakati wa theluji, na fundi wa kupanda. Karibu nusu ya wapokeaji wa ruzuku ya CPB walihesabiwa kuwa vituo vya vijijini, na kwa vingi vyao ruzuku hiyo haikuwa asilimia 15. Kwa KYUK, kituo cha redio na televisheni cha mji wa Bethel, Alaska, ilikuwa yapata asilimia 70.

CPB ilikuwa ikipata takriban dola milioni 535 kwa mwaka, sawa na dola moja na nusu hivi kwa kila Mmarekani. Zaidi ya theluthi mbili zilikwenda moja kwa moja kwa vituo. Sehemu ya zilizobaki ilifanya kazi ambayo hakuna aliyeizungumzia bungeni, ya kununua kwa jumla kile ambacho kituo kimoja kimoja hakiwezi kukinunua. CPB ililipia haki za muziki kwa niaba ya vituo vyote. Iligharamia mfumo wa setilaiti unaounganisha vituo hivyo. Ndiyo kusema, kituo kidogo kilipata bei ya mnunuzi mkubwa. CPB ikiondoka, kituo kinabaki kujadiliana peke yake na wenye hakimiliki na wenye setilaiti, na kila mfanyabiashara wa Kariakoo anajua tofauti ya bei ya jumla na ya rejareja.

Ipo historia inayofaa kutajwa hapa. Mwaka 1972 Rais Richard Nixon, aliyekerwa na vipindi vya siasa vya televisheni ya umma, aliukataa muswada wa fedha za CPB. Baada ya kisa hicho Bunge liliweka utaratibu, katikati ya miaka ya 1970, wa kuidhinisha fedha za CPB miaka miwili kabla. Kusudio lilikuwa kujenga ukuta: mwanasiasa aliyekasirishwa na kipindi cha leo asiweze kukata fedha za leo. Ukuta huo ulisimama kwa miaka 50. Ulistahimili jaribio la Newt Gingrich la miaka ya 1990, ukastahimili bajeti za Trump katika muhula wake wa kwanza, kila moja ikipendekeza sifuri.

Safari hii haukubomolewa, ulizungukwa. Serikali ilitumia kifungu cha sheria ya mwaka 1974 kinachomruhusu Rais kuliomba Bunge lifute matumizi yaliyokwisha kuidhinishwa, na muswada wa namna hiyo hupita Seneti kwa wingi wa kawaida wa kura, bila wachache kuweza kuuzuia kwa mjadala usiokwisha. Fedha zilizokuwa zimepangwa mapema ili ziwe salama ndizo zilizokuwa rahisi kufutwa, kwa kuwa zilikuwa hazijatumika.

Kura za Kentucky na kura za Alaska

Haki inadai hoja za upande wa pili zielezwe kwa ukamilifu. Warepublican wengi wanaamini kwamba NPR na PBS zimeegemea mrengo wa kushoto, na kwamba si halali kumtoza kodi mwananchi ili kugharamia chombo kinachomdharau. Hoja hiyo ilipewa uzito na mhariri mmoja wa NPR, Uri Berliner, ambaye mwaka 2024 aliandika makala akishutumu chombo chake mwenyewe kwa kuukosa uwiano, na baadaye akajiuzulu. Machi 26, 2025, wakuu wa NPR na PBS, Katherine Maher na Paula Kerger, walihojiwa kwa ukali mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi. Mei 1, Trump alitoa amri ya kuzuia fedha za Serikali kwenda kwa vyombo hivyo viwili. Ni kweli pia kwamba wakuu wa utangazaji wa umma walichelewa mno kuyachukulia malalamiko hayo kwa uzito, kana kwamba umaarufu wa vipindi vya watoto ungewalinda milele.

Hata hivyo, katika kikao kile kile cha Machi aliketi shahidi mwingine ambaye magazeti mengi hayakumpa nafasi. Ed Ulman, mkuu wa vyombo vya utangazaji vya umma mjini Anchorage, alijaribu kueleza kwamba huko Alaska suala si nani anaegemea wapi, bali ni kuwapo au kutokuwapo kwa chombo chenyewe. Maswali mengi hayakuelekezwa kwake. Fahali wawili walikuwa wakipigana, na yeye alizungumza kwa niaba ya nyasi.

Kwa maana silaha iliyochaguliwa haikumlenga aliyekosewa. Kama lengo lilikuwa kuiadhibu NPR, basi ilipigwa mahali ilipokuwa ikipata asilimia moja. Kipigo kamili kiliangukia vituo ambavyo kazi yake kubwa ni bei za mazao, vikao vya halmashauri, hali ya hewa na mpira wa kikapu wa shule za sekondari. Majimbo yenye vituo hivyo ni yale yale yaliyompa Trump kura. Kentucky ilimpa zaidi ya asilimia 60 mwaka 2024, na Alaska ilimpa zaidi ya nusu.

Namna maseneta wa majimbo hayo mawili walivyopiga kura inafundisha kuliko hotuba zao. Mitch McConnell wa Kentucky, aliyeliongoza kundi la Warepublican katika Seneti kwa miaka 18, alipinga hatua ya awali ya kuuingiza muswada kwenye mjadala, akilalamika kwamba Serikali haikueleza kwa kina kitakachokatwa. Hatua hiyo ilipita kwa kura ya turufu ya Makamu wa Rais, J.D. Vance. Siku mbili baadaye, Julai 17, ulipofika wakati wa kura ya mwisho, McConnell aliunga mkono. Muswada ulipita kwa kura 51 dhidi ya 48. Warepublican wawili tu waliukataa: Susan Collins wa Maine na Lisa Murkowski wa Alaska. Seneta mwenzake Murkowski kutoka Alaska, Dan Sullivan, aliukubali.

Murkowski alipata hoja ambayo hakuna mwandishi wa hotuba angeweza kuibuni. Julai 16, wakati Seneti ikiendelea na mjadala, tetemeko la ukubwa wa 7.3 lilitokea baharini kusini mwa rasi ya Alaska, na tahadhari ya tsunami ikatolewa. Wakazi wa pwani walipata maelekezo kupitia redio zao za umma. Tahadhari iliondolewa baadaye bila maafa. Murkowski alilitaja tukio hilo mbele ya wenzake, wakasikiliza, wakapiga kura kama walivyokuwa wamepanga.

Mike Rounds wa South Dakota alifanya biashara yake kwa njia nyingine. Aliahidiwa na Serikali kwamba fedha kidogo zingetafutwa kwenye mafungu mengine kwa ajili ya redio za maeneo ya Wamarekani wa asili, naye akaunga mkono. Ilikuwa ahadi ya maneno, ya mara moja, na nje ya sheria yenyewe.

Bethel, mwisho wa barabara isiyokuwapo

Alaska ina ukubwa unaokaribia mara mbili ya Tanzania na watu wapatao 740,000 tu. Bethel, mji wenye watu zaidi kidogo ya 6,000, upo umbali wa kilomita zipatazo 640 magharibi ya Anchorage, na hakuna barabara inayouunganisha na sehemu nyingine ya nchi. Bidhaa huja kwa ndege, au kwa matishari wakati wa kiangazi. Majira ya baridi Mto Kuskokwim huganda na magari hupita juu ya barafu. Kuzunguka mji huo kuna vijiji zaidi ya 50, na wakazi wengi ni Wayup'ik, ambao bado wanaizungumza lugha yao.

KYUK ilianza kama redio mwaka 1971, na televisheni ikafuata muda mfupi baadaye. Inatambuliwa kuwa kituo cha kwanza Marekani cha redio na televisheni kumilikiwa na kuendeshwa na wenyeji wa asili. Hutangaza habari kwa Kiingereza na kwa Kiyup'ik. Tangu miaka ya 1970 kamera zake zimerekodi wazee wakisimulia, ngoma, uvuvi na mashindano ya mbwa wavuta sleji, hata ikajikuta ina hazina ya kanda ambayo si rahisi kuipata katika chuo kikuu chochote. Wazee wengi waliorekodiwa wamekwishafariki. Mtu anayetaka kusikia namna lugha ilivyozungumzwa na kizazi kilichozaliwa kabla ya shule za Kiingereza kuenea, huko ndiko atakakosikia.

Kituo hiki kilikuwa kimekwisha kupata pigo moja. Mwaka 2019 Gavana Mike Dunleavy alifuta ruzuku ya jimbo kwa utangazaji wa umma. Vituo vya Alaska vikabaki vikiegemea mguu mmoja, wa Serikali Kuu, na huo ndio uliokatwa mwaka 2025.

Wapo wanaosema kwamba intaneti imekwisha kuyamaliza mahitaji haya, na kwamba setilaiti za Starlink zilizoanza kuhudumia Alaska mwishoni mwa 2022 zimefanya kituo cha aina hiyo kuwa kitu cha makumbusho. Hoja hiyo ina ukweli kwa upande wa chombo cha kusafirishia. Haina ukweli kwa upande wa kinachosafirishwa. Setilaiti inaweza kuleta Bethel filamu zote za dunia, lakini haiwezi kuajiri mtu wa kuandika habari kwa Kiyup'ik.

Oktoba 2025, miezi mitatu baada ya kura ya Seneti, mabaki ya kimbunga Halong yaliipiga pwani ya delta hiyo. Vijiji vya Kipnuk na Kwigillingok viliharibiwa vibaya, nyumba zikaelea na watu wakiwa ndani. Mtu mmoja alikufa na wengine wawili hawakuonekana. Zaidi ya watu 1,000 walihamishwa, wengi kwa ndege hadi Anchorage, katika mojawapo ya operesheni kubwa za namna hiyo katika historia ya jimbo. Taarifa za nani yuko wapi, ndege gani inakuja na kijiji gani kina maji zilitolewa na KYUK, kwa lugha zote mbili. Kituo kilichokuwa kimenyang'anywa sehemu kubwa ya mapato yake ndicho kilichokuwa kazini usiku huo.

Kinachokufa kwanza

CPB ilitangaza Agosti 1, 2025 kwamba itafunga shughuli zake, na watumishi wake wengi waliondoka mwishoni mwa Septemba. Januari 2026 bodi yake ilipiga kura ya kuivunja kabisa, ikiona kwamba shirika lisilo na fedha lakini lenye jina ni hatari kuliko kutokuwa na shirika. PBS ilipunguza bajeti yake kwa asilimia 21. Wakfu kadhaa, ukiwamo wa Knight, wa MacArthur na wa Ford, uliahidi takriban dola milioni 37 kwa ajili ya mfuko wa dharura wa kuvivusha vituo vilivyo hatarini zaidi. Ni fedha nyingi kwa mtu mmoja, lakini kwa mfumo uliokuwa ukipata milioni 535 kila mwaka ni za kununulia muda.

Arkansas, jimbo jingine la vijijini, lilichukua njia yake. Desemba 2025 tume inayosimamia televisheni ya umma ya jimbo hilo ilipiga kura ya kujitoa PBS kuanzia Julai 1, 2026, ikisema haimudu ada ya uanachama ya dola milioni 2.5 hivi kwa mwaka, na kwamba itajikita kwenye vipindi vya nyumbani. Uamuzi huo una mantiki ya kihasibu. Lakini vipindi vya PBS ndivyo vinavyowavuta wachangiaji wa Arkansas watoe fedha zinazogharamia vipindi hivyo vya nyumbani.

Kwa maoni ya wengi nje ya Marekani, hatari ni kupotea kwa vipindi maarufu kama Sesame Street, kipindi ambacho hata Tanzania kilipata toleo lake la Kiswahili, Kilimani Sesame. Hofu hiyo haina msingi mkubwa, kwa kuwa kipindi chenye jina hupata mnunuzi. Televisheni za umma hazifi kwa siku moja wala hazifi kwa usawa. Kwanza huondoka mwandishi wa mkoani aliyekuwa akiendesha gari saa tatu kwenda kuhudhuria kikao cha wilaya. Kisha huachwa bila matengenezo kile kinasa matangazo kidogo cha kileleni kinachohudumia bonde moja, kwa sababu mhasibu akigawa gharama kwa idadi ya watazamaji, bonde hilo ndilo linaloonekana ghali kuliko yote. Kwenye taarifa ya mwaka kituo kinaendelea kusomeka kuwa hai, na ni kweli ki hai. Aliyeko bondeni ndiye anayejua kwamba kimekufa.

Kwa kipimo hicho KET haimo katika kundi la walio mahututi. Ni chombo cha jimbo, kinapata fungu kutoka hazina ya Kentucky, kina mfuko wa wachangiaji uliojengwa kwa zaidi ya nusu karne, na wapo wabunge wa vyama vyote viwili waliojifunza hesabu kwenye vipindi vyake walipokuwa watoto. Kitakachopungua ni nafasi ya kupumua. Hadi 2025 chombo hicho kilikuwa na mabwana watatu, yaani Washington, Frankfort na watazamaji, na kikiudhiwa na mmoja kiliweza kuegemea wawili. Sasa mabwana ni wawili, na mmoja wao ni bunge lile lile ambalo waandishi wa KET wanatakiwa kulihoji kila wiki.

Kentucky hupanga bajeti yake kwa miaka miwili miwili, katika vikao vya miaka inayogawanyika kwa mbili. Fungu la KET hujadiliwa humo pamoja na mafungu ya barabara, shule na magereza. Vikao hivyo hurushwa moja kwa moja jimbo zima, hadi mabonde ya Appalachia, na anayevirusha ni KET.